Gari la Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi. Hakuwa mbunge, hakuwa mwimbaji, na hakuna barabara iliyopewa jina lake. Alikuwa fundi wa umeme wa magari ya dizeli. Kama uliwahi kupanda gari lililoamka likitetemeka, jioni likawa limetulia, huenda mkono wake ulipita pale. Mafundi walimwita Shangazi. Madereva walimwita Shangazi. Hata mimi niliyemzidi miaka miwili nilimwita Shangazi, na aliitika bila kucheka. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Fundi wetu wa umeme wa magari, Shangazi, hatunaye tena.

Wengi wenu mnamjua hata kama hamkuwahi kumwona. Ndiye yule wa tangazo. Lile la magari kumi na moja. Kila mwaka, tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa nane, nimelisoma hapa nilipoketi. Nimelisoma mara tisa. Leo nitawaeleza lilikotoka, na nina habari yake mpya ambayo sikutegemea kuja kuitoa.

Tuanze na hilo jina. Kaka yake mkubwa ana gereji nyuma ya maghala, paa la bati, sakafu iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi kama sufuria. Watoto wa kaka walikuwa wakipita pale wakitoka shule, wakiita, "Shangazi, shikamoo." Vibarua wakalidaka jina, wakaupa mji mzima.

Lakini kabla ya magari zilikuwepo redio. Shangazi alisomea umeme kwenye chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani. Mwalimu wao aliwapa kanuni moja siku ya kwanza. Kabla hujapima kitu cha mtu, pima kwanza kipimo chako. Mita ina waya mbili, nyekundu na nyeusi. Gusanisha ncha zake. Isome sifuri. Isiposoma sifuri, usiguse cha mtu. "Mita ikikudanganya asubuhi," mwalimu alisema, "utawadanganya watu kutwa nzima." Hilo liwekeni mfukoni, wasikilizaji, tutalihitaji mbele.

Akatoka chuoni, akafungua kibanda, akatengeneza redio kwa miaka kumi na miwili. Kaka yake naye alikuwa fundi wa dizeli wa kizamani, na mafundi wanamwita Sikio mpaka leo. Sababu ni kwamba aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akaweka sikio kwenye mpini, akafumba macho, kisha akasema, "Silinda ya pili." Na kweli, inakuwa silinda ya pili. Mita kwake ilikuwa kitu cha watu wasio na masikio.

Kisha yakaja magari mapya, yale ya kompyuta.

Nieleze kidogo, kwa sababu marehemu angenigombeza nikiruka hapa. Nozeli ni kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Zamani msukumo wa mafuta wenyewe ndio uliokuwa unaifungua. Siku hizi inafunguliwa na umeme. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba wa shaba, na kompyuta ya gari inaipelekea umeme kwa wakati wake, tap, tap, tap, mara nyingi kwa sekunde. Umeme usipofika, nozeli haifunguki, silinda inakosa mafuta, injini inamisi, gari linatetemeka, na taa ya njano inawaka mbele ya dereva.

Siku moja gari la kusambaza mikate liliingia gereji na taa hiyo. Sikio aliunganisha mashine ya kupimia, mashine ikasema nozeli ya silinda ya tatu. Akabadilisha nozeli. Taa ikabaki. Akaleta nyingine mpya kabisa. Taa ikabaki. Mwenye gari akawa anazunguka boneti mikono nyuma, na mikate ilikuwa ikichacha.

Shangazi alikuwa amekuja kuazima ngazi, si kitu kingine. Akachungulia.

"Kaka, balbu umebadilisha mara mbili. Waya wa balbu umeuangalia?"

"Hii ni dizeli, dada. Si redio."

"Naona waya mbili zinaingia hapo."

"Na mimi naona mtu aliyekuja kuchukua ngazi."

Kaka mtu alikuwa amechoka, ndipo akampisha. Shangazi akazima gari, akachomoa betri, akachomoa soketi ya nozeli. Akagusanisha ncha za mita yake, sifuri. Akapima nozeli, nzima. Akapima waya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye soketi, mzima. Hapo mtu mwingine angekwenda zake. Yeye akaanza kuutikisa ule waya, shubiri kwa shubiri, macho kwenye mita. Alipofika pale unapopinda juu ya breketi ya chuma, namba zikatoweka. Akaupasua kwa wembe. Ganda la nje lilikuwa safi kabisa, na shaba ndani imekatika.

"Ngozi nzima, mfupa umevunjika," alisema. Kisha akamweleza kaka yake jambo ambalo Sikio amelirudia kwangu mara tatu wiki hii. "Mashine imekutajia nyumba ambayo barua haijafika. Haikukwambia tarishi ameangukia wapi."

Ngazi hakuichukua siku ile. Alibaki gereji yeye mwenyewe, miaka ishirini na miwili.

Jina lake lilikua haraka. Malori yalitoka mbali, yakapita gereji tatu kubwa zenye vioo na viyoyozi, yakaja kusimama nyuma ya maghala. Alivaa ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mita yake aliivingirisha kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuoga. Akishapima anasema neno moja, "nzima" au "imekufa," na hakuna aliyeuliza mara mbili. Binti yake, ambaye ni mwalimu, aliniambia, "Mama alikuwa na uhakika mpaka unakera. Ukimwambia labda, anakuuliza labda ni kipimo gani."

Wasikilizaji wapendwa, sifa zikizidi mtu huanza kuruka ngazi. Asubuhi moja madereva wanne wanakungoja, na ile kanuni ya mwalimu inachukua sekunde tano. Sekunde tano si kitu. Unaziruka leo, unaziruka kesho. Mwaka wa kumi na tatu wa kazi yake, Shangazi alikuwa hagusanishi tena ncha za mita. Aliijua mita yake, aliiamini.

Mwezi wa nane mwaka ule, nozeli zikaanza kufa. Gari la kwanza, zote nne zimekufa. La pili, zote. La tatu, zote. Nozeli nzima ya aina ile inasoma nusu omu, yaani kizuizi kidogo mno kwa umeme. Yeye alikuwa anapata omu moja na nusu, gari baada ya gari. Akawa anatoa hukumu, "Imekufa." Watu wakawa wanazibadilisha.

Aliyeshtuka ni Sikio. Alisimama mlangoni mwa stoo na kikombe cha chai akasema, "Dada, nozeli za mji mzima zimefariki mwezi mmoja. Tuweke matanga?"

"Dizeli ni chafu mwezi huu."

"Lile la buluu nimelisikiliza. Sikio langu linasema ni waya."

"Sikio lako lina omu ngapi, kaka?"

Vibarua walicheka, Sikio akanywa chai yake. Alishindwa kwa maneno, lakini hakushindwa kwa haki.

Tarehe ishirini na moja, mteja alileta nozeli mpya ndani ya boksi, bado ina mafuta ya kiwandani. Kwa mazoea tu Shangazi akaipima kabla ya kuifunga. Omu moja na nusu. Nozeli mpya, na mita inasema imekufa. Akaipima tena. Moja na nusu. Sikio anasema alimwona dada yake akiweka ile nozeli mezani polepole, akachukua ncha nyekundu na ncha nyeusi, akazigusanisha.

Omu moja.

Waya wa mita, ule mwekundu, ulikuwa umechoka pale alipouzungusha kila jioni kabla ya kuufunga kwenye taulo. Ganda zima, na ndani nyuzi zimekatika, zimebaki chache. Kinyozi hajinyoi. Ugonjwa aliokuwa akiufukuza kwenye magari ya watu ulikuwa umelala mkononi mwake majuma matatu.

Alikaa juu ya tairi. Sikio aliniambia, "Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nikamtazama usoni, nikayameza yote."

Kesho yake, tarehe ishirini na mbili, alikuja hapa studio. Nilikuwa nasoma matangazo ya asubuhi, ya mikutano, ya vitambulisho vilivyookotwa, ya mbuzi aliyepotea. Akanisukumia kipande cha boksi la spea kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nikakisoma kimoyomoyo, nikamwambia, "Mama, hili litakuharibia jina."

"Limeshaharibika, mtangazaji. Soma."

Nikasoma. Lilisema hivi: "Mimi, fundi wa umeme wa gereji iliyo nyuma ya maghala, natangaza kwamba kuanzia tarehe mosi hadi ishirini na moja nimepima magari kumi na moja kwa mita yenye waya mbovu. Niliyemwambia nozeli zake zimekufa, asiniamini. Arudi nimpimie upya, na anisamehe."

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesoma matangazo ya watu wanaotafuta ng'ombe, wanaotafuta wake, wanaokana madeni. Lile lilikuwa la kwanza na la mwisho la mtu kutangaza kosa ambalo hakuna aliyemshtaki.

Kaka yake alilisikia akiwa chini ya basi. Aliporudi dada yake, akamwambia, "Umekwenda kujivua nguo redioni."

"Nimevua ile iliyochafuka," akajibu, akaingia kazini.

Magari yalikuwa kumi na moja. Yalirudi kumi. Mengine siku ile ile, mengine baada ya wiki mbili. Wapo waliokuja wakali, na mmoja alimpigia kelele kuanzia getini mpaka mezani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Una haki. Sasa fungua boneti." Alinunua waya mpya wa mita, na kuanzia siku ile aligusanisha ncha mbele ya kila mteja, akamwonyesha sifuri kwanza. "Tazama wewe mwenyewe," alikuwa anasema. "Usiniangalie mimi, angalia namba." Katika yale kumi, saba nozeli alizozihukumu zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa waya, au kutu ya kijani kwenye soketi. Yote saba akayatengeneza.

Watu walidhani gereji itafungwa. Miezi miwili baadaye malori yalipanga foleni mpaka kwenye kona ya maghala. Dereva mmoja alinieleza sababu, na sijasikia iliyo bora zaidi. Alisema fundi anayekwenda redioni kutangaza kwamba kakosea, siku akikwambia kapatia, lala usingizi.

Lakini yalirudi kumi.

La kumi na moja lilikuwa lori lenye kichwa cha buluu, turubai limetiwa kiraka cha gunia, limebeba saruji, linapita tu. Ndilo lile ambalo Sikio alilisikiliza. Shangazi alikuwa amempimia yule dereva akamwambia, "Nozeli zote nne zimekufa. Usiende nalo mbali." Dereva akashukuru, akaondoka. Hakuacha jina. Alichokumbuka Shangazi ni kicheko chake, kifupi, kama mtu anayekohoa.

Hilo lilimkaa rohoni. Binti yake anasema mama alikuwa akipika, mara anasimama na mwiko mkononi. "Ananiuliza, mwanangu, unadhani alizitupa? Nozeli nzima zile, unadhani alizitupa? Au aliliuza lori kwa hasara kwa ajili ya neno langu? Namwambia, mama, miaka sita hii. Ananiambia, miaka haimpunguzii mtu hasara."

Hivyo kila mwaka tarehe ishirini na mbili alikuja na boksi lile lile, wino ukififia, na kila mwaka likasomwa, kwa sababu ya gari moja tu. Nikiri jambo hapa. Mwaka wa tano nilichoka nalo. Nililisogeza nyuma ya salamu za wagonjwa, nikalisoma haraka. Simu ikalia kabla sijameza mate. "Mtangazaji, umelisoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Yule dereva angelishikaje?" Nikalirudia polepole, hewani, na wasikilizaji wangu mkanicheka wiki nzima.

Mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa. Muuguzi alimbandika zile nyaya za kifuani, mashine ikaonyesha mistari ya ajabu, muuguzi akataka kukimbia kumwita daktari. Shangazi akamshika mkono. "Mwanangu, jaribu kwanza hizo nyaya zako." Muuguzi akabadilisha waya mmoja, mistari ikatulia. Binti yake anasema wodi nzima ilicheka, na mama yake alijivuna siku mbili. Moyo wenyewe ulikuwa mgonjwa kweli, hilo halikubadilika. Ila aliondoka akijua kwamba waya umepimwa kwanza.

Siku moja kabla hajafa alimwambia kaka yake, "Tarehe ishirini na mbili ikifika, boksi liko nyuma ya stoo."

"Nitalipeleka, mdogo wangu."

"Mwambie asome polepole."

Tukamzika Alhamisi. Nilikuwepo. Watu wakatawanyika, wengine wakarudi kwenye gereji, kwa sababu ndiko msiba ulikokuwa, viti vimepangwa pale malori yanapoegeshwa. Ndipo lori lenye kichwa cha buluu likaingia taratibu, turubai lina kiraka cha gunia. Akashuka mzee mwembamba, kofia mkononi. Akamwendea Sikio.

"Pole kwa msiba, kaka. Mimi ndiye gari la kumi na moja."

Binti wa marehemu akasogea.

Mzee akaeleza akitazama chini. Siku ile aliambiwa asiende mbali. Akaenda. Kwenye kilima cha kwanza lori likaanza kumisi, akasimama, akafungua boneti, akaona waya umesuguana na breketi mpaka umetoboka. Akauzungushia plastiki, akaufunga kwa kamba ya turubai. Lori likapanda kilima. Nozeli hakubadilisha hata moja, na ni zile zile mpaka leo.

"Na tangazo?" binti akauliza. "Hukulisikia?"

"Nililisikia mwaka wa kwanza. Nimelisikia kila mwaka."

"Kwa nini hukuja, baba?"

"Nilimkaidi, mwanangu. Alinikataza nikaenda. Nikasema nikirudi atanigombeza mbele za watu. Mwaka ukapita, nikaona haya kwa kuchelewa. Wa pili, haya zikawa mbili. Sikujua kwamba ananingoja mimi. Nilidhani magari yasiyorudi ni mengi. Madereva wenzangu waliponiletea habari za msiba ndipo wakaniambia ni langu tu." Kisha akakohoa kicheko kile kifupi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Sikio aliinuka kwenye kiti. Akaingia ndani, akatoka na taulo. Mtu yule hajawahi kupima kitu kwa mita maisha yake yote, wote pale tunajua. Akafungua boneti la lori akiwa na koti lake la msibani, akachomoa betri, akachomoa soketi. Akachukua ncha nyekundu na ncha nyeusi, akazigusanisha mbele ya mzee, akamwonyesha. Sifuri. Kisha akapima. Ya kwanza, nusu. Ya pili, nusu. Ya tatu, nusu. Ya nne alichukua muda, akafuta ncha kwa taulo kwanza. Nusu.

"Nzima zote," alisema. Akafunga boneti, akabaki ameliegemea. "Alikosea dada yangu. Sikumbuki siku nyingine nimefurahi hivi kwamba alikosea."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa kaka mtu, pole kwa binti, pole kwa mafundi wote wa nyuma ya maghala. Mlikuwa na fundi aliyejua kupatia, na aliyejua kukosea, na hayo mawili ni adimu kukaa ndani ya ovaroli moja. Mungu amlaze pema.

Siku zote tunahimizana kuomba radhi. Leo nina ombi la upande wa pili. Huenda yupo mtu anayekutafuta akuombe samahani. Wewe huna hasara, umeshasahau, au unaona haya kwa sababu nawe ulikuwa na lako. Yeye analala na jina lako, anapika na jina lako. Nenda. Safari ya nusu saa tu, na yeye ana miaka tisa dirishani.

Boksi lenyewe liko hapa mezani kwangu. Sikio amelileta asubuhi hii, hakungoja tarehe. Chini ya yale maneno ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake, naye ameniomba niusome polepole, kama dada yake alivyotaka.

Tangazo. Gari la kumi na moja limerudi. Nozeli zote nne ni nzima. Shangazi, hakuna anayekudai samahani tena.